Tatizo si ramu: kinachofanya ramu na tangawizi ikolee au ikinaishe

Viungo vyake ni vitatu ukihesabu ndimu, vinne ukihesabu barafu, na hakuna cha kupika. Ungetarajia kinywaji cha namna hiyo kiwe kilekile popote. Lakini agiza ramu na tangawizi Westlands, uagize tena Kilimani, kisha ujichanganyie mwenyewe sebuleni kwako Umoja, na utakunywa vitu vitatu visivyojuana. Kimoja kitakuwa kitamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Cha pili kitanuka pombe tupu, tangawizi haionekani. Cha tatu kitakuwa kizuri, na huenda hata aliyekichanganya asiweze kukueleza kwa nini.

Kikiwa kibaya, wa kwanza kulaumiwa ni ramu. Watu husema ni ya bei rahisi, wikendi inayofuata wananunua mzinga wa bei mara mbili, wanachanganya vilevile, na matokeo ni yaleyale ila mfuko umepungua. Ramu ina sehemu yake na nitaifikia. Lakini kwenye glasi hii ramu ni ya mwisho kuulizwa. Kinachoamua ni ugomvi wa sukari, uchachu, muwasho wa tangawizi na gesi, na katika glasi nyingi za Nairobi ninazokutana nazo, sukari ndiyo inayoshinda.

Tupige hesabu. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Ukimimina mililita 150 za soda ya tangawizi, umeshatia karibu vijiko vinne vya chai vya sukari. Ongeza hapo ramu ya viungo yenye vanila, ambayo mara nyingi nayo imetiwa utamu kiwandani, na umefika mahali ambapo ulimi hausikii kitu kingine. Baridi huficha utamu kwa muda, ndiyo maana mafunda mawili ya kwanza huwa mazuri. Barafu ikiyeyuka na glasi ikipata joto, utamu uliokuwa umejificha unatoka wote kwa pamoja. Hapo ndipo watu huacha glasi nusu mezani wakidhani wamechoka kunywa.

Dawa yake ni ndimu, na ninamaanisha maji ya ndimu yaliyopimwa. Kile kipande kilichobandikwa ukingoni mwa glasi ni pambo. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki takriban asilimia 5 hadi 6, na mililita 15, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, zinatosha kubadilisha glasi nzima. Sukari haiondoki, bado ipo palepale kwa gramu zake, lakini ulimi unaipima upya kwa kuilinganisha na uchachu. Kamua siku hiyohiyo, na usiminye ganda mpaka likauke, kwa sababu ganda lina uchungu wake. Limau linafaa ukikosa ndimu, ila harufu ya ndimu ndiyo inayopatana na miwa.

Hapa mjuzi wa vinywaji atanipinga, na ana haki. Kinywaji maarufu kuliko vyote vya jamii hii, Dark 'n' Stormy cha Bermuda, hakidai maji ya ndimu kabisa. Kanuni ya IBA, chama cha kimataifa cha wachanganyaji wa vinywaji, inasema mililita 60 za ramu ya Gosling's, mililita 100 za bia ya tangawizi, yaani soda ya tangawizi iliyo kali, na kipande cha ndimu cha kupamba. Kampuni ya Gosling's, ambayo historia yake Bermuda inaanzia mwaka 1806 James Gosling alipotia nanga huko akiwa safarini kwenda Virginia, imelisajili jina hilo Marekani na inataka litumike kwa ramu yake ya Black Seal pekee. Sasa tazama uwiano wenyewe: ramu 60 kwa soda 100. Hiyo ni glasi kali yenye soda kidogo, na ramu nzito namna ile ina uchungu wa molasi iliyoungua unaoweza kusimama mbele ya sukari. Sisi huku tunamimina ramu kidogo na soda mpaka juu, halafu tunaacha ndimu kwa sababu Bermuda wameiacha. Kwa kipimo chetu, afadhali tuwafuate wa Moscow Mule, ile ya vodka: vodka 45, maji ya ndimu 10, bia ya tangawizi 120.

Kwa kweli Nairobi haikuhitaji kufundishwa jambo hili. Dawa, kokteli iliyopata jina kupitia mkahawa wa Carnivore pale Langata, ni vodka, asali, ndimu iliyopondwa ndani ya glasi na barafu. Utamu wa asali ungeweza kumlemea mtu, na ndimu ndiyo inayouzuia. Ukishaelewa Dawa, umeshaelewa nusu ya makala hii.

Nusu ya pili ni tangawizi, na hapa mambo yanapendeza zaidi.

Muwasho wa tangawizi si ladha. Ulimi unaonja tamu, chachu, chungu, chumvi na ule utamu wa nyama na mchuzi. Ukali wa tangawizi haumo kwenye orodha hiyo. Unapita kwenye neva zinazohisi joto na maumivu, zilezile zinazoamshwa na pilipili na chai inayounguza. Kwenye tangawizi mbichi kazi hiyo inafanywa na kemikali iitwayo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi, na ndiyo maana unga wa tangawizi unakukwaruza koo kuliko mbichi. Ikichemshwa, sehemu nyingine hugeuka zinjeroni, laini na yenye harufu ya utamu. Chai ya tangawizi iliyotokota jikoni tangu asubuhi inanukia nyumba nzima lakini haimwumizi mtoto. Sababu ni hiyo.

Pombe nayo inaingilia. Kipokezi cha neva hizo kwa kawaida hungoja joto la nyuzi 42 hivi ndipo kitoe ishara ya kuungua. Kikiguswa na pombe, kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 34, chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Kwa hiyo ramu huifanya tangawizi iwashe zaidi ya inavyowasha peke yake, na tangawizi huifanya ramu ionekane kali kuliko asilimia zilizoandikwa kwenye lebo. Gesi inaongeza yake: ikiyeyuka kwenye mate huwa asidi ya kaboniki, nayo huchoma kidogo. Dhidi ya hawa watatu wamesimama wawili wanaotuliza, baridi na sukari. Baridi hatuwezi kuiacha, kwa sababu ndiyo inayoshikilia gesi. Basi anayeweza kupunguzwa ni mmoja tu. Ukiona tangawizi haikuwashi vya kutosha, usikimbilie kuongeza tangawizi. Punguza sukari kwanza, na utashangaa ilikuwa imejaa tele chini yake.

Je, Stoney Tangawizi inafaa? Inafaa, na kwa Nairobi ndiyo ya kwanza watu kuifikiria kwa sababu ipo kila kioski. Ina ukali wa kutosha kusimama na ramu, mradi uiwekee ndimu yake. Zile soda nyororo za tangawizi zinazotumika kulainisha wiski sizipendekezi. Ukali wake ni mdogo na ramu inazifunika.

Lakini anayetaka kudhibiti sukari ajitengenezee, na si kazi kubwa. Nunua tangawizi Marikiti au kwa mama mboga, iliyo ngumu, isiyokunjamana, ambayo ukiivunja inatoa mlio na kuacha unyevu kidoleni. Ioshe vizuri, kumenya si lazima. Ikwangue au itwange kwenye kinu, tia kwenye kitambaa safi cha pamba na uminye. Maji yatatoka ya manjano yenye ukungu. Yaache yatulie kama dakika ishirini na utaona chini ya glasi tabaka jeupe, zito, linalokataa kusogea ukiinamisha: huo ni wanga. Mimina taratibu ya juu, acha hilo. Usiyachemshe hata kidogo, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Kinachopikwa ni shira peke yake, sukari na maji kwa uzito sawa, mpaka sukari iyeyuke, kisha iachwe ipoe kabisa. Kwa glasi moja tumia vijiko viwili vya chai vya maji ya tangawizi, kijiko cha chakula cha shira, kijiko cha chakula cha maji ya ndimu, na ujaze maji ya gesi yasiyo na sukari, mililita 120 hivi. Sukari uliyotia ni gramu 9 badala ya 15. Asiyegusa pombe anaweza kuishia hapo hapo na asikose kitu. Tangawizi, ndimu na gesi vinajitosheleza. Maji ya tangawizi hukaa siku chache kwenye friji, lakini ukali wake unapungua kila siku.

Wapo wanaotaka bia ya tangawizi ya zamani, iliyochachushwa. Ilianzia Uingereza katika karne ya 18, na gesi yake ilitoka kwa hamira ikila sukari chupani. Mwaka 1892 mwanabotania Harry Marshall Ward alichapisha uchunguzi wake wa ule "mmea" ambao familia za Kiingereza zilikuwa zikigawiana ili kuitengeneza, akaonyesha kwamba si mmea bali ni hamira na bakteria wanaoishi pamoja. Nyumbani unaweza kutumia hamira kavu, chembe chache tu kwa lita. Jua kinachoendelea mle ndani: sukari inayoliwa hugawanyika karibu nusu kwa nusu kwa uzito, nusu ikawa gesi na nusu ikawa pombe. Ili lita moja ipate gesi kama ya soda, yaani gramu 8 hivi, sukari ya gramu 16 lazima iliwe, na utabaki na pombe karibu asilimia 1. Hiyo ndogo ndiyo ya kumwambia mgeni asiyekunywa kabla hujamkaribisha. Na tumia chupa ya plastiki, usitumie ya glasi. Ya plastiki utaibonyeza kila jioni, na siku inapokuwa ngumu isiyobonyea unaiingiza kwenye friji. Ya glasi haikupi dalili yoyote. Hupasuka tu, na vipande vyake huruka mbali.

Sasa ramu. Zote zinatokana na miwa, nyingi zikitokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Wakenya wanaujua kama chakula cha ng'ombe, lakini kule Muhoroni kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kinautumia kutengeneza pombe. Tofauti kati ya chupa na chupa inakuja baada ya hapo. Pombe ya miwa ikisafishwa sana mtamboni inabaki nyeupe na karibu haina harufu ya ilikotoka. Kenya Cane iko upande huo. Ramu za Jamaika za mtindo wa kale huachwa zichache muda mrefu na kupikwa kwenye mitungi ya shaba, na hubaki na harufu ya ndizi mbivu na nanasi lililoiva kupita kiasi. Kisha kuna mapipa ya mwaloni, yanayoleta vanila, moshi na rangi. Usidanganywe na rangi, lakini. Sehemu kubwa ya weusi wa ramu nyingi ni karameli iliyotiwa kiwandani, kwa hiyo chupa nyeusi inaweza kuwa changa kuliko ya dhahabu iliyo kando yake.

Kwa kinywaji hiki nachagua ramu nyeusi isiyo na viungo, yenye asilimia 40. Ramu ya viungo, ambayo nyingine huwa na asilimia 35 tu, naiacha kwa wanaoipenda na kola. Mwenye Kenya Cane pekee hajakosa bahati: pombe yake safi inaiacha tangawizi iongoze, ila ladha ya miwa haitasikika. Irudishe kwa njia nyingine. Pika ile shira kwa sukari guru badala ya sukari nyeupe, na utapata weusi, uzito na kauchungu ka molasi ambako pombe nyeupe ilikuwa imekapoteza mtamboni. Mimi huona glasi hiyo inashinda ramu ya viungo ya bei mara mbili. Popote unaponunua, hakiki stempu ya ushuru kwa programu ya simu ya Soma Label, ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Pombe bandia haina kipimo kinachoweza kuitengeneza.

Imebaki baridi, ambayo wengi huidharau. Maji ya nyuzi 0 hushika gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20. Soda iliyokuwa rafuni ikimiminwa juu ya barafu, gesi inatoka kwa fujo, povu linapanda, na baada ya dakika moja unakunywa maji matamu. Nairobi kuna sababu ya ziada. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni karibu asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Hewa nyepesi inalikandamiza povu kidogo, kwa hiyo chupa ileile hapa inafoka zaidi ikifunguliwa. Lala na soda kwenye friji usiku mzima, na ramu pia ikiwezekana. Jaza glasi barafu mpaka juu; barafu nyingi huyeyuka polepole kuliko kidogo, kwa sababu yenyewe inajilinda baridi. Mapande makubwa ni bora kuliko yaliyosagwa. Na kama barafu yako inakaa friza moja na omena, nunua ya pakiti kwenye kituo cha petroli, tafadhali.

Mpangilio wa kumimina ni ndimu kwanza juu ya barafu, kisha tangawizi kwa kuinamisha glasi, ramu mwisho. Ramu ya asilimia 40 ni nyepesi kuliko soda yenye sukari, hivyo ukiimimina taratibu juu ya mgongo wa kijiko itakaa juu na kuanza kushuka nyuzi nyuzi kati ya barafu, nyeusi juu, manjano chini. Inapendeza macho, na funda la kwanza linakuja na harufu yote ya ramu. Baada ya picha, koroga mara moja kutoka chini, basi. Kila mzunguko wa kijiko ni gesi inayokwenda zake.

Kipimo changu ni ramu mililita 50, yaani vijiko vitatu vya chakula na kimoja cha chai, ndimu 15, tangawizi 150. Kabla ya barafu kuyeyuka hiyo ni pombe ya asilimia 9 hivi. Mle ndani mna mililita 20 za pombe halisi. Chupa ya nusu lita ya Tusker yenye asilimia 4.2 ina 21. Tofauti ni kwamba bia mtu huinywa nusu saa na hii huisha kwa dakika kumi, na alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima pombe kwenye pumzi, hakiulizi ilikuwa na ndimu ngapi.

Ukiwa na wageni wanane, changanya kwenye jagi ramu mililita 400 na maji ya ndimu 120, funika, weka kwenye friji kuanzia mchana. Tangawizi isiingie kwenye jagi. Kila glasi ijazwe barafu, ipate mililita 65 za mchanganyiko huo, na ifunguliwe soda yake mgeni akiwa amekaa. Mzinga wa mililita 750 unatoa glasi 15, kwa hiyo utabakiwa na saba, za kesho au za jirani aliyesikia barafu ikigonga glasi.